Sita si Tisa: Programu Zetu Zinawanyamazisha Wazee

Niko huku kwetu Chakol, kwa Wateso, pande hizi za Busia na Malaba. Ukisogea kidogo kuelekea mpakani, simu yako inakukaribisha Uganda hata kabla hujafikiria kuvuka.

Najua niliwaahidi sehemu ya tatu ya makala zangu kuhusu hifadhidata. Subirini kidogo. Leo nina jambo linalonikera, na wa kwanza kunikera ni mimi mwenyewe, pamoja na ninyi wenzangu mnaoandika programu. Nimekaa nyumbani majuma mawili na nimeiona kazi ya mikono yetu. Haipendezi.

Kisa chenyewe ni hiki. Nyanya yangu, ambaye sisi humwita tata, ana miaka 78. Mwezi uliopita aliuza mbuzi kwa mama mmoja mchuuzi wa Busia. Wamefanya biashara pamoja zaidi ya miaka ishirini: kuku, mtama, karanga, mbuzi. Zamani mama huyo alikuja mwenyewe mpaka uwanjani, wakakaa chini ya mwembe, wakavutana bei, wakanywa chai. Siku hizi anapiga simu, bodaboda anakuja kuchukua mbuzi, na pesa zinaingia kwenye simu. Maendeleo hayo!

Pesa zikaingia. Tata akampelekea kijana wa jirani simu yake, ile kabambe ya vitufe, amsomee ujumbe. Kijana akasoma: shilingi 6,000. Tata akashika kichwa. Yeye alisikia elfu tisa. Akampigia mama wa Busia, wakapigiana kelele, simu ikakatwa. Nilipofika nyumbani, soko zima lilikuwa linajua kwamba mama yule ni mwizi, na mama yule alikuwa ameapa hatakanyaga tena Chakol.

Nikamuuliza, "Tata, una hakika alisema tisa?"

"Mimi si mtoto. Nimesikia kwa masikio yangu."

Nikampigia mama wa Busia. Naye karibu alie. "Mwanangu, nilimwambia sita mara tatu. Mara tatu! Na kila mara akaitikia ndiyo, ndiyo. Leo mimi ni mwizi?"

Kati ya hao wawili, nani mwongo? Hakuna. Na hapo ndipo hasira yangu ilipoanza.

Wanangu wa teknolojia, sema sasa hivi kwa sauti: sita. Halafu sema: tisa. Irabu ni zilezile, i na a, kwa mpangilio uleule. Konsonanti nazo ni zilezile, s na t, zimebadilishana viti tu. Toa konsonanti hizo, unabaki na nini? I-a. Sita ni i-a. Tisa ni i-a.

Sasa, sikio linapozeeka halififii sawasawa kama redio inayopunguzwa sauti. Linaanza kupoteza masafa ya juu, yaani sauti nyembamba, na masafa ya chini yanabaki kwa muda mrefu zaidi. Irabu ziko chini, zina nguvu. Konsonanti kama s, f, sh na t ziko juu, nazo ni dhaifu. Ndiyo maana mzee anakuambia, "Nakusikia, lakini sielewi unachosema," na wewe unadhani anakufanyia makusudi. Anasema kweli tupu! Sauti inafika. Maneno hayafiki.

Kisha leteni simu. Simu ya kawaida tangu enzi za nyaya hupitisha masafa ya kutoka hezi 300 hadi 3,400 hivi. Nguvu kubwa ya sauti ya s iko juu ya hezi 4,000. Yaani mtandao wenyewe unaikata s kabla haijafika sikioni kwa mtu yeyote. Mimi na wewe hatulioni pengo hilo kwa sababu ubongo wetu unaziba kwa kukisia. Mzee anapokea sauti iliyokatwa mara mbili: mara ya kwanza na mtandao, mara ya pili na umri. Simu mpya za 4G zinaweza kupitisha hadi hezi 7,000, lakini ni lazima simu zote mbili na mtandao viwe na uwezo huo. Kabambe ya tata haina.

Nilifanya jaribio. Tata akakaa ndani, mimi nikaenda kwenye zizi na kumpigia simu. Nikamtajia sita au tisa mara 20, bila mpangilio. Alipatia mara 11. Rusha sarafu hewani utapata hivyohivyo. Huyu ndiye mtu ambaye tumemwambia afanye biashara yake yote kwa simu!

Mtaniuliza, mbona hakusoma ujumbe? Hapo ndipo tunapofika kwenye jicho. Tata ana mtoto wa jicho upande wa kushoto, na jicho la kulia linahitaji miwani ya kusomea ambayo hana. Ukipita miaka 40 lenzi ya jicho huanza kuwa ngumu na kushindwa kuona vitu vya karibu. Hilo halichagui, litakufikia nawe unayesoma hapa. Zaidi ya hayo, mboni ya mzee husinyaa, ikawa jicho la mtu wa miaka 60 linapokea takriban theluthi moja tu ya mwanga unaopokelewa na jicho la kijana wa miaka 20. Sasa fikiria herufi ndogo za kijivu juu ya rangi nyeupe, zile mnazoziita za kisasa.

Na hapa kuna jambo ambalo sikulielewa mpaka nilipokaa na tata. Mtu akipungukiwa na masikio, macho humsaidia. Anatazama mdomo wako, anatazama uso, anatazama vidole. Sokoni bei hutajwa kwa mdomo na vidole pamoja. Mtu akipungukiwa na macho, masikio humsaidia: anatambua sauti, hatua, mlango. Vikipungua vyote viwili kwa pamoja, hakuna tena wa kumsaidia mwenzake. Hapo hasara haijumlishwi, huzidishwa.

Matokeo yake si mbuzi tu. Babu yetu mmoja hapa, alikuwa hodari wa masimulizi kwenye chungu cha ajon. Mnajua wazee wa Kiteso hukaa duara kuzunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu, na maneno yanazunguka kama pombe. Siku hizi haendi. Watu wanasema amekuwa na kiburi. Wengine wanasema akili imeanza kupotea. Nilimtembelea, nikakaa mbele yake mahali penye mwanga, nikaongea polepole. Akili yake ni nzima kabisa! Amechoka tu kucheka wengine wanapocheka bila kujua kilichochekesha. Na upweke huo si jambo dogo. Mwaka 2020 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet liliutaja upungufu wa kusikia miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau, na mwaka 2024 likaongeza upungufu wa kuona usiotibiwa. Tunamwita mzee amechanganyikiwa kwa sababu hasikii, kisha tunamwacha peke yake mpaka kweli achanganyikiwe.

Haya, turudi kwetu sisi waandishi wa programu. Nitaanza na dhambi yangu mwenyewe ili msiseme nawarushia mawe nikiwa nyumba ya vioo. Miaka kadhaa iliyopita niliandika programu ya simu kwa ajili ya chama kimoja cha wakulima. Nilijivunia sana. Ilikuwa na rangi laini, herufi nyembamba, na usalama wa hali ya juu: namba ya siri ya tarakimu sita inaletwa kwa ujumbe, una sekunde 60 kuiingiza, ukichelewa unaanza upya. Nikaijaribu na wenzangu wanne, wote chini ya miaka 30, ofisini, penye taa nzuri. Ikapita. Nikalipwa.

Majuma mawili haya nimeiweka mikononi mwa tata. Sekunde 60 ziliisha akiwa bado anatafuta pembe ya dirisha yenye mwanga. Mara ya pili ziliisha akiwa anaisogeza simu mbele na nyuma. Mara ya tatu akanirudishia, akasema kwa upole, "Mjukuu wangu, hii ni ya wasomi." Nyanya aliyehesabu magunia ya nchi mbili kwa kichwa, shilingi za Kenya kwa za Uganda, bila kikokotoo! Mimi ndiye niliyemfanya ajione mjinga.

Na je, wazee wanafanyaje huko vijijini? Ninyi mnajua. Wanatoa namba zao za siri. Anampa mjukuu, anampa jirani, anampa kijana wa kibanda. Nimeona moja imeandikwa kwa mkaa ukutani, nyuma ya mlango. Tunatoa semina kila mwaka: usimpe mtu yeyote namba yako ya siri! Kisha tunatengeneza mlango ambao mtu wa miaka 78 hawezi kuufungua bila kumpa mtu namba yake ya siri. Usalama gani huo? Tumehesabu hatari ya mwizi wa mbali, tukasahau ya mjukuu mlevi aliye jikoni.

Hili si suala la pesa tu. Juni 2023 serikali ya Kenya ilizindua huduma zaidi ya 5,000 kwenye eCitizen. Vizuri, foleni zimepungua kwa wenye macho. Lakini kila huduma inayohamia kwenye kioo inamhamisha pia mzee, kutoka kwa karani anayeweza kumkaribia na kurudia maneno, kwenda kwa kijana wa saiba anayemjazia fomu na kujua siri zake zote. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na kuishi kwa heshima. Sikuona mahali imeandikwa: isipokuwa wasioweza kusoma herufi ndogo.

Najua majibu yenu. Nimeyasikia yote, na mengine niliyasema mwenyewe.

"Wazee hawapendi teknolojia." Uongo. Tata alikuwa na simu kabla yangu. Alizipenda zile za kwanza za mulika mwizi. Unajua kwa nini? Zilikuwa na vitufe vinavyobonyea, na kwenye namba 5 palikuwa na kinundu kidogo. Kidole kikikipata kinundu hicho, kimezipata namba zote nyingine hata gizani. Kisha tukaleta kioo kilicholainishwa kama barafu, tukakiondoa kinundu, tukasema wazee hawapendi teknolojia.

"Watoto wao watawasaidia." Watoto wako Nairobi, Kampala na Doha. Na hata wakiwepo, je, wewe ungependa kila ujumbe wako wa daktari, wa mkopo, wa mpenzi wako, usomwe kwanza na mwanao?

"Ni wachache." Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 2.7 hivi wenye miaka 60 na zaidi. Duniani, Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2021 kwamba watu milioni 430 wanahitaji huduma kwa sababu ya upungufu mkubwa wa kusikia, na huenda wakapita milioni 700 ifikapo 2050. Kwa upande wa macho, mwaka 2019 lilisema watu wasiopungua bilioni 2.2 wana tatizo la kuona, na angalau bilioni moja kati yao tatizo lao lingeweza kuzuiwa au bado halijashughulikiwa. Wachache hao!

"Wapewe vifaa vya masikio na miwani." Naam, wapewe, wala sipingi. Na kabla ya kifaa, mtazame sikio. Wakati mwingine ni nta tu imeziba. Mtoto wa jicho naye huondolewa kwa upasuaji mfupi na lenzi mpya ikawekwa. Mwezi ujao nampeleka tata kliniki ya macho. Lakini kifaa cha sikio hakirudishi sikio la ujana. Kinakuza sauti, pamoja na kelele za malori ya Malaba. Na hata chenyewe hakiwezi kukuza s ambayo mtandao umeshaikata.

"Akili bandia itaongea nao." Itaongea kwa sauti gani, kwa kasi gani, kwa lugha gani? Kama itamsomea tata "sita" kwa sauti nyembamba ya haraka kupitia spika ndogo ya kabambe, tumerudi palepale.

Kinachoniumiza ni kwamba fani yetu ilizaliwa mikononi mwa watu waliolijua jambo hili. Alexander Graham Bell, aliyepata hataza ya simu mwaka 1876, alikuwa mwalimu wa viziwi. Mama yake hakusikia vizuri, na mke wake alikuwa kiziwi. Vint Cerf, mmoja wa waliobuni itifaki za TCP/IP zinazobeba intaneti yote hii, amevaa vifaa vya kusikia tangu akiwa kijana. Wao walianza na mtu asiyesikia. Sisi tumemalizia na mtu mwenye macho ya tai.

Basi tufanye nini? Sitaki kuishia kwenye kulalamika. Haya hapa, na mengi hayagharimu hata siku moja ya kazi:

1. Acheni kijivu juu ya nyeupe. Mwongozo wa WCAG wa W3C unataka utofauti wa mwanga wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake. Kenya nayo ina kiwango chake cha ufikivu, KS 2952, tangu 2022. Someni. Na mtu akikuza herufi kwenye mipangilio ya simu yake, programu yako isivunjike.

2. Ongezeni muda. Sekunde 60 za nini? Mpe dakika tano, na kabla hazijaisha muulize kama anahitaji zaidi. Huduma za kubonyeza nyota na reli ni mbaya zaidi: ukurasa una herufi 182 tu, na akichelewa anafukuzwa na kurudishwa mwanzo. Basi kumbukeni alipofikia.

3. Kila ujumbe muhimu uje kwa njia mbili. Asiyeona asikie, asiyesikia aone. Msichague kwa niaba yake.

4. Sauti iwe nzito kidogo, ya polepole, na kitufe cha kurudia kiwe kilekile kila mahali. Kupiga kelele hakusaidii, kunavuruga maneno.

5. Jaribuni kazi yenu na mtu wa miaka 70. Mmoja tu! Kila mmoja wenu ana tata wake.

6. Na namba. Hili ndilo lililonileta hapa. Marubani waliliona tatizo hili zamani: kwenye redio yao tisa ya Kiingereza hutamkwa "niner", si "nine", isichanganywe na namba nyingine. Watu wanaorusha ndege hawakuona aibu kubadilisha namba ili isikike. Kiteso nacho hakina shida hii, kwani sita ni tano na moja, na tisa ni tano na nne. Nasi Waswahili je? Tunalo neno letu la zamani, limelala kwenye kamusi: kenda. Kenda ndiyo tisa. Irabu ya kwanza ni tofauti, na katikati kuna n na d zenye sauti nzito ambazo hata sikio chakavu linazipata.

Nilirudi kwenye zizi nikampigia tata tena. Mara 20, sita au kenda. Unajua alipatia ngapi? Zote 20. Akaniuliza, "Mbona leo simu ni nzuri?" Simu ni ileile, tata. Neno tu ndilo limebadilika.

Kwa hiyo ombi langu kwa yeyote anayeandika mifumo ya sauti ya Kiswahili, ya benki, ya hospitali, ya serikali: mashine ikisoma tisa, iseme "tisa, yaani kenda". Ni mstari mmoja wa msimbo. Mimi nimeshauweka kwenye programu ya wakulima, nikatupa na zile sekunde 60, na kijivu nikakizika.

Jumamosi nilimpakia tata kwenye bodaboda tukaenda Busia. Tulimkuta mama yule kwenye kibanda chake. Walitazamana kimya kwa muda. Kisha mama akasogea karibu kabisa, akamshika tata mkono, akainua vidole sita mbele ya jicho lake zima. Tata akavihesabu kwa kuvigusa, kimoja kimoja. Akainamisha kichwa. Wakanywa soda. Mbuzi wa pili bado hajauzwa, na soko halisahau haraka neno mwizi, lakini angalau wanaongea.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu amesema, jamani: hasikii, haoni, anaomba tumsogelee. Asiyesikia hapa ni nani?

Haya, nimesema. Hifadhidata wiki ijayo, inshallah.